Ukiubana Unachanua

Kufuli lilitiwa kwenye bomba asubuhi, wakati Mshona Viatu yuko bafuni, povu limempanda mpaka kwenye kope. Kata yake ilipogonga ndoo tupu, alitoa kichwa juu ya mabati ya bafu akapiga kelele, "Jamani, nani kafunga maji? Macho yanawaka!"

Akajibiwa na sauti tamu, sauti ya mtu anayekaribisha wageni. "Jifute tu, baba. Povu nalo ni usafi."

Aliyejibu ni mwenye nyumba. Wapangaji walimwita Mama Funguo, lakini kwa kisogo, kwa sababu ya kishada cha funguo alichokivaa kidoleni kama pete. Ulimsikia kabla hujamwona, kama mbuzi mwenye kengele, na kama mbuzi huyo, alipopita hapakubaki jani. Vyumba vyake vilipangana safu mbili zikitazamana, ua katikati, bomba moja kwenye kona. Bomba hilo ndilo alilolivisha mnyororo na kufuli jipya la manjano, linalong'aa kama jino la dhahabu kinywani mwa mwizi.

Katikati ya ua Dobi alikuwa amechuchumaa mbele ya makarai yake, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni. Mashati ya watu yalikuwa yameshasuguliwa, yanangoja kusuuzwa.

"Mama," alisema bila kuinuka, "nguo za watu zimo kwenye sabuni."

"Zitoe."

"Nizitoe nizipeleke wapi? Zina povu kama mbwa mwenye kichaa."

"Wewe ndiye sababu," Mama Funguo akasema, akijaribu kufuli kwa kulivuta. "Nyumba nzima inakunywa, wewe peke yako unakunywa mto. Bili imekuja inanitolea macho."

"Maji yamo kwenye kodi. Ulisema mwenyewe siku tunaingia."

"Nilisema maji. Sikusema ziwa."

Wapangaji wawili watatu wakacheka. Mwenye nyumba akitania, mpangaji hachekeshwi na utani, anachekeshwa na kodi. Dobi aliwasikia mmoja mmoja, akajua kicheko cha nani kimetoka mlango gani. Hasira yake haikuwa ya moto wa makaratasi, wa kuwaka na kuzimika. Ilikuwa ya makaa ya pasi: unayafungia ndani, unayabana kwa kifuniko, na bado yanaunguza nguo.

Alikamua yale mashati vivyo hivyo, na povu lake, akayaanika. Yalipokauka yalikuwa magumu kama samaki mkavu.

*

Mbele ya chumba chao, kati ya mlango na dirisha, palikuwa na mti wa maua. Jina lake la kitabuni ni bogonvilia. Kinyozi, mumewe Dobi, ulimi wake ulishindwa kulipanda jina hilo na kushuka salama, akauita bogofamilia. Watu wakakata kichwa wakabakiza mkia, ukawa mfamilia.

Dobi aliuleta ukiwa kijiti. Mteja wake mmoja alikuwa anapogoa bustani na kutupa matawi, naye akaokota moja akalifunga kwenye furushi la nguo chafu. Akalichomeka kwenye kopo la rangi, likashika. Akalihamishia ardhini, akalizungushia vijiti kuku wasilipekue. Kisha akalipenda, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Kila alipomaliza kufua, maji ya suuzo la mwisho, yale yasiyo na sabuni, aliyamwaga kwenye mizizi. Mti ukanywa asubuhi, ukanywa jioni. Akautilia samadi. Ukanenepa. Ukatoa majani ya kijani yaliyokoza, ukatoa fimbo ndefu zikapanda mpaka kwenye bati, ukatoa miiba kama sindano za magunia. Maua? Hata moja la kusingizia. Kiangazi kinakuja, kiangazi kinaondoka, kuta za watu mitaa ya mbele zimewaka zambarau, wa kwake umesimama pale kama askari aliyesahauliwa zamu.

"Mke wangu," Kinyozi alizoea kumtania, "huo si wa maua, huo ni wa kunyolea. Siku nikiishiwa wembe nakuja kuchuma mwiba."

"Utachanua. Bado unajaza mwili."

"Unajaza mwili mpaka lini? Mimi mbona nilichanua nikiwa mwembamba?"

"Wewe hukuchanua, baba. Wewe ulinyonyoka."

Kinyozi alikuwa na upara mtupu, na wateja wake walisema kwamba kumpa kichwa chako ni sawa na kumpa fisi mfupa akutunzie.

Sasa kufuli lilipoingia, kufua kukasimama, na suuzo la mwisho likasimama. Kiangazi kilikuwa kimefika, jua limekaa juu ya bati kama limelipiwa kodi. Majani ya mfamilia yakajikunja, yakapukutika. Dobi akawa anaupita kila asubuhi bila kuutazama, kama mtu anavyompita mgonjwa asiye na dawa yake.

Ndipo binti yake alipomwita kutoka dirishani. Binti huyo alikuwa amejifungua juzijuzi, mtoto wake wa kwanza, na alikuwa amerudi kwa mama yake apate nguvu. "Mama, njoo uone. Mti umetoa vipele."

Kwenye ncha za matawi makavu palikuwa na vitone vyekundu. Keshoye vikafunguka. Haukupita muda, mfamilia ukawaka wote, kutoka kisigino mpaka kwenye bati, zambarau inayoumiza macho, hata jani la kijani hulioni. Wapita njia walisimama langoni na simu zao kupiga picha. Nyuki wakaja. Wapangaji wakasema ni baraka ya kichanga.

Dobi alisimama mbele yake na mikono kiunoni. "Miaka yote nakunywesha kwa mkono huu, unanipa miiba," aliuambia. "Leo huna tone, ndiyo unacheka?"

Kinyozi akaulizia habari hiyo kwenye kiti chake cha kunyolea, maana hakuna swali duniani ambalo halijawahi kukalia kiti hicho. Mteja mmoja anayetunza bustani za kando ya barabara akamwambia kwamba mti wa namna ile ukishiba huota majani tu. Ukibanwa na kiu unadhani unakufa, na ndipo unapotoa maua.

"Kumbe yale ni maua ya kuaga," Dobi akasema aliposikia.

*

Mama Funguo alipokuja kuangalia kufuli lake, aliachama langoni.

"Haya, haya! Nani kaipamba nyumba yangu?"

Kinyozi akatoka mbio, kitambaa cha kunyolea begani. Alikuwa mtu wa maneno, na mtu wa maneno akiona sikio hajui kujizuia. Akamweleza yote: suuzo, samadi, miiba, mteja wa bustani, kiu. Moyoni alidhani mama mwenye nyumba atasikia neno kiu atakumbuka bomba.

Mama Funguo alisikiliza kichwa upande. Kisha akacheka, funguo zikacheka pamoja naye. "Ukiubana, unachanua," alisema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Ukiubana, unachanua! Na watu je, baba? Si hivyo hivyo? Mpangaji ukimwachia maji anaota miiba. Ukimbana kidogo, anachanua." Akautembeza mkono kuuonyesha ua. "Hebu angalieni tangu niweke kufuli. Hakuna matope, hakuna ugomvi bombani. Mmependeza jamani!"

Dobi alikuwa mlangoni, kichanga mkononi. "Na huyu, mama? Naye tumbane?"

"Mtoto anayenyonya anataka maji ya nini?"

"Nepi hazinyonyi."

Mama Funguo akakunja uso kama mtu aliyesikia tusi la chumbani. "Dobi, sikiliza. Jumamosi naleta mtu kuangalia vile vyumba vya mbele. Mtu wa maana. Huo mti usiuguse. Hata tone usiutie."

"Nitautia nini? Mate?"

"Hata mate ubane."

Alipokwisha kutoka, sauti ya funguo ikapotea barabarani, Dobi akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti, na Kinyozi alimjua: sauti ikishuka, kimbia.

"Baba, ulimi wako. Alikuja na kufuli tu. Wewe umempa na methali ya kulifungia."

"Nilidhani ataona huruma."

"Huruma! Mtu ukimwambia mti unakufa, naye anasema umependeza, unamtafutia huruma wapi, mfukoni?"

Kinyozi akakuna upara. Palikuwa hapana nywele, lakini alikuna.

*

Maji yakawa kazi kuliko kazi yenyewe. Mwenye mkokoteni wa madumu alipita alipopenda, na bei yake ilipanda pamoja na jua. Bomba la mtaa wa pili lilikuwa na foleni inayokunja kona mbili, na ukifika mbele linakohoa, linakutemea kutu, linanyamaza.

Siku moja Dobi alipita kwenye lile geti kubwa la kijani lililo jirani. Mlinzi alikuwa amesimama nje na mpira wa maji, anarusha maji barabarani ili vumbi lisiingie kwa tajiri wake. Maji yalitiririka mpaka kwenye viatu vya Dobi. Akayatazama yanavyozama ardhini.

"Kaka, hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Naomba ndoo moja tu. Nina mzazi nyumbani."

Mlinzi akatazama geti, akatazama ndoo. "Mama, sina ruhusa. Nimeambiwa maji ni ya vumbi."

"Vumbi lina ruhusa, mimi sina?"

"Usinielewe vibaya, mama yangu. Nikikupa wewe, kesho watakuja wengine."

"Na vumbi halitakuja kesho?"

Mlinzi aliona haya, akageuza mpira upande mwingine. Lakini hakuufunga. Dobi akakaa pale kidogo zaidi ya adabu, akiyaangalia maji, kisha akaenda zake na ndoo yake inalia kwa utupu.

Karani naye, mteja wake wa zamani kuliko wote, akarudisha mashati. Alikuja nayo mwenyewe, ameyashika kwa vidole viwili. "Mama Dobi, samahani, nimekaa kwenye kikao watu wanavuta pua. Shati linanuka kama tambara la kufutia meza."

"Nitalirudia, baba. Ni maji tu."

"Najua, najua. Ila nimeshapata mtu ana mashine." Akasita. Kisha, ili amalize kwa wema, akasema, "Lakini maua yako, mama, mashaallah! Kumbe huku kwenu maji si tatizo."

Dobi akamtazama mpaka akaondoka kinyumenyume.

*

Dobi alikuwa amekwenda kurudisha furushi la mwisho la nguo za watu, zisizofuliwa, na kuomba radhi mlango kwa mlango. Huko nyuma nepi zilikuwa zimejaa ndoo, na harufu imekaa chumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Binti alimlaza mtoto, akachukua dumu, akatoka. Hakumwambia mtu. Akapanga foleni mtaa wa pili, jua la utosi, akajaza, akajitwisha.

Alifika mpaka langoni. Mshona Viatu, aliyekuwa anagonga soli kizingitini kwake, aliliona dumu likianguka kabla hajamwona aliyelibeba. Maji yakamwagika yote. Binti akakaa chini katikati ya matope, akashika ukuta, na matope yale yakaanza kubadilika rangi.

"Yallah! Njooni! Mtoto wa Dobi!"

Mkunga aliitwa kutoka mtaa wa nyuma. Dobi alifika wakati uleule, akakuta mlango wake umezibwa na migongo ya watu. Mkunga alikuwa mwanamke wa maneno machache, amekunja mikono ya gauni. "Maji ya moto," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Mmeziba masikio au mimi ndiye bubu? Nataka maji."

Ndipo watu wakarudi vyumbani mwao, na kila mmoja akatoka na alichonacho. Mmoja kikombe. Mwingine nusu chupa. Mama mmoja alileta maji aliyokuwa ameyatenga ya kumezea dawa. Waliyamimina kwenye sufuria kimya kimya, wale wale waliocheka siku ile ya kufuli, na sufuria ikajaa kwa vikombe kama sadaka ya msiba.

"Huyu alikuwa anabeba nini?" mkunga akauliza.

"Maji," Mshona Viatu akasema.

"Kwani hapa hamna bomba?"

Wakatazamana. Bomba lilikuwa pale pale, hatua chache tu, na mkufu wake shingoni.

Binti alikuwa mweupe midomo. "Nepi zilinuka, mama," alisema. "Niliona aibu watu wakija kumwona mtoto."

"Aibu si yako," Dobi akamjibu, akamfuta jasho.

Nje, Kinyozi alimpigia simu mwenye nyumba, akaiweka sauti ya juu kila mtu asikie. Akaomba ufunguo. Akasema damu, akasema mtoto, akasema tafadhali mara nyingi kuliko mwanamume anavyopaswa kusema tafadhali.

"Poleni sana," simu ikasema. "Lakini baba, mgonjwa anapelekwa hospitali. Bomba si daktari. Na tafadhali, Jumamosi ua uwe safi."

Simu ikakatika.

"Kasemaje?" Dobi akauliza akitoka mlangoni, ingawa alikuwa amesikia.

"Kasema ua uwe safi."

"Ua upi? Huu unaonuka damu ya mwanangu, au anasema ua la kwenye mti?"

Kinyozi akaitia simu mfukoni.

Damu ilizuiliwa. Mkunga alikaa mpaka alipojiridhisha, akanawa kwa kilichobaki kwenye sufuria. Alipoaga alimshika Dobi mkono. "Asiinue hata kijiko. Na anywe maji, mama. Maji mengi sana."

Dobi akaitikia kwa kichwa. Angefungua kinywa, angemtukana mtu asiye na kosa.

*

Jumamosi Mama Funguo alimtangulia mgeni wake, amevaa viatu vyeupe. Alimvuta Dobi pembeni, karibu na mfamilia, akasema kwa sauti ya dada kwa dada, "Poleni na mgonjwa. Sasa sikia. Anakuja mwalimu, anataka vyumba vya mbele afungue chekechea. Anachouliza kila nyumba ni maji. Akikuuliza, wewe sema yapo. Nikimpata huyu, mimi na wewe tutaelewana."

"Kufuli litatoka?"

"Tutaelewana, nimesema. Unataka niandike ukutani?"

Dobi akayatazama yale maua. Ukisogea karibu, unaona kwamba chini yake matawi yamekauka, na ukigusa, rangi inabaki mkononi kama karatasi. "Haya, mama," akasema. "Nitasema yapo."

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, jasho linamtoka chini ya mtandio. Alipoingia uani akasimama. "Mungu wangu, maua haya!"

"Si unaona?" Mama Funguo akasema. "Bustani haidanganyi. Nyumba yangu haijui kiu."

"Ni kweli, dada?" Mwalimu akamgeukia Dobi. "Maji yapo? Maana mimi nakuja na watoto wadogo."

Wapangaji walikuwa wamejipanga milangoni. Binti alikuwa ameegemea mto dirishani. Mama Funguo akatabasamu kwa meno yote.

"Yapo, mwalimu," Dobi akasema. "Tena matamu. Jua lote hili umelibeba, karibu ukae, nikuletee glasi uonje." Akampangusia kigoda kwa upande wa nguo yake, akamkalisha. Akaingia ndani, akatoka na glasi safi juu ya kisahani, akainama mbele ya mwenye nyumba kwa heshima zote. "Mama, naomba ufunguo wa bomba, mgeni wetu anywe."

Tabasamu la Mama Funguo likabaki usoni bila mwenyewe. "Mpe ya ndani."

"Ya ndani yamelala. Mgeni hapewi maji yaliyolala, mama, utasemwa wewe mwenye nyumba."

"Ufunguo nimeusahau nyumbani."

"Si ndio huo mama, unalia kidoleni?" Mshona Viatu akasema kutoka kizingitini, kwa sauti ya mtu anayesaidia kwa nia njema kabisa.

Mwalimu akatazama kidole. Wote wakatazama kidole. Mama Funguo alichambua funguo, akautoa mmoja, akamkabidhi Dobi kwa ncha za kucha, na macho yake yakasema maneno ambayo kinywa hakikuweza kuyasema mbele ya mgeni.

Dobi akafungua kufuli. Akaifungua koki. Bomba likakohoa, likatema upepo, likatema kutu, kisha likatoa maji, meupe, mazito, yenye kelele. Akasuuza glasi, akajaza, akaipeleka kwa mikono miwili. "Karibu, mwalimu."

"Asante sana." Mwalimu akanywa. "Mbona hujafunga, dada? Yanamwagika."

"Yaache yapoe kwanza."

Hakuna aliyeitwa. Lakini mlango mmoja ulitoa ndoo, wa pili ukatoa madumu mawili, halafu ua mzima ukawa unakimbia, watu wazima wanapigana vikumbo, sufuria, mabeseni, hata kopo la mswaki. Mama mmoja alikuwa anajaza huku analia. Maji yaliyokosa chombo yakatafuta njia yake, yakateremka mpaka kwenye mizizi ya mfamilia, udongo ukayameza kwa sauti.

"Dobi!" Mama Funguo akasema kwa meno yaliyofungwa, bado anatabasamu. "Mti! Maua yatapukutika!"

"Yapukutike. Na wenyewe unywe, ushibe, uote miiba yake."

Mwalimu alikuwa ameshusha glasi. "Samahani," aliuliza, "kwani bomba huwa linafungwa?"

Maji tu ndiyo yaliyomjibu. Kinyozi, ambaye ulimi wake ulikuwa umemponza maisha yake yote, akasogea mbele, akaweka mkono kifuani.

"Linabanwa kidogo, mwalimu," alisema. "Ili tuchanue."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akamtazama, akatazama ndoo, akamtazama yule binti dirishani na midomo yake myeupe. Akaiweka glasi juu ya kigoda, ikiwa nusu. Akashukuru. Akasema atapiga simu, kwa namna ile ambayo hata mtoto anajua simu haitapigwa. Akaondoka akiruka madimbwi.

Mama Funguo alisubiri lango lifungwe. Halafu yakamtoka yote. Aliwaita wezi, akawaita nyoka, akamwita Dobi majina ambayo hayana nguo. Viatu vyeupe vilikuwa vimezama kwenye matope, na kila alipotaka kupiga hatua kulifikia bomba, alikuta mbele yake mtu ameinama na ndoo, mgongo umemwelekea, hamwoni wala hamsikii.

"Nipe ufunguo wangu! Na kesho mtoke! Kesho asubuhi, wewe na mumeo mnyonyoa watu na huyo binti yenu! Sitaki kuona hata uzi wenu hapa!"

Dobi alimpa kisogo. Aliingia chumbani, akatoka na nepi zote, akazitumbukiza kwenye karai. Akaingia tena, akatoka na shuka la mzazi, lile la damu, akalikunjua mbele ya watu wote na kulizamisha. Akarudi akang'oa pazia la dirishani. Akatoa blanketi. Akatoa foronya, akatoa suruali ya Kinyozi ya harusini, akamvua Kinyozi na shati alilolivaa. Akatoa zulia la mlangoni. Kila kilichokuwa na nyuzi ndani ya chumba kile akakitia maji mpaka kikazama, na ng'ambo ya ua mama mwingine, bila kuuliza, akaanza kuteremsha pazia lake.

Kisha Dobi akachuchumaa, akakunja mikono ya gauni, akainua uso.

"Kesho haiwezekani, mama," alisema. "Mtu hahami na nguo mbichi."